Shingo Si ya Maonyesho

Mama yangu, Ertina, alikuwa na miaka saba Wamarekani walipolipua bomu lao la nyuklia kule kisiwa cha Bikini. Upepo ukaleta majivu ya bomu, unga mweupe, hadi kisiwani kwetu Rongelap, watoto wakauchezea, wakajipaka nao. Alipokuwa msichana, uvimbe ukaota kooni mwake. Ukakatwa. Baadaye, tulipokuwa tumehamia Majuro, ikaja kansa, ikakatwa, ikarudi. Sasa ilikuwa imeng'ang'ania njia ya hewa, dawa za kumeza hazifui dafu, na hospitali ya Wamarekani kule Honolulu ikatuambia limebaki jambo moja: mionzi.

"Mionzi?" Mama aliniuliza, sauti ikikwaruza. "Morleen, mwulize vizuri. Huyu ana akili timamu?"

Nikamfasiria daktari, kijana wa tabasamu lisilokatika. "Ni salama," akajibu. "Mtuamini tu."

"Hata wale wa bomu walisema hivyohivyo," Mama akasema.

Lakini akakubali, kwa sababu alikuwa anakabwa hata na uji. Wakamtengenezea kinyago cha plastiki kilichoshika uso na mabega. Siku ya kwanza ya matibabu wakambana nacho mezani, hawezi kutikisa hata kidevu. Ndipo daktari akatoa kamera.

Mama akaanza kupiga meza kwa kiganja. Pa! Pa! Pa! Wakamfungua upesi.

"Picha ni za kufundishia wanafunzi," daktari akanieleza. "Wagonjwa kama yeye ni adimu."

"Adimu!" Mama aliketi, anahema. "Nani alitufanya adimu? Baada ya bomu walinipiga picha nikiwa mtoto mdogo, uchi, namba kifuani, jina langu hawakuuliza. Mwambie huyu mtoto: anataka kunitibu au kunifanya maonyesho? Akirudisha kidude chake hapa, narudi Majuro nikafie kwetu!"

Nikafasiri yote, sikupunguza makali hata kidogo. Daktari akawa mwekundu, akaiweka kamera mfukoni. Tabasamu likakatika.

Mama akajilaza mwenyewe. "Haya. Fungeni."

Tukatoka wote, mlango mnene ukafungwa, akabaki peke yake na mashine. Nililia kwa hasira, nimeegemea ukuta.

Matibabu yalimtesa: shingo iliungua, mate yakakauka. Lakini uvimbe ulinywea. Akarudi Majuro, akala samaki na shelisheli la kuchoma, akatugombeza mwaka mzima na ushei, hadi kansa ilipotua mapafuni ikamchukua.

Mazishini mchungaji alinishika bega. "Mwanangu, samehe sasa."

"Nimsamehe nani, mchungaji? Kuna aliyekuja kuomba msamaha?"