Tombe Akwama Nafasi ya Tatu

Mkono wa kushoto wa Tombe ulikuwa na kiburi, na kiburi chenyewe ulikuwa nacho kwa haki. Miaka ishirini, tangu kambi ya wakimbizi kule Uganda mpaka kibanda chake cha ushonaji hapa Atlabara, mjini Juba, mkono huo ulikuwa umepiga rababa, kile kinubi cha nyuzi tano, na vijana wengi walikuwa wameoana kwa sauti yake. Sasa ulikuwa umeshika shingo ya fidla ya kanisa, na ulikuwa ukifanya upuuzi mtupu.

Kosa lilikuwa hili. Mpiga rababa hukwaruza nyuzi zote kwa mkono wa kulia, na vidole vya kushoto huzinyamazisha zile asizozitaka. Ukitaka uzi uimbe, unauachia. Fidla ni kinyume kabisa: uzi unaoutaka ndio unaoubonyeza. Kwa hiyo kila noti ilipofika, Tombe alikiondoa kidole pale kilipohitajika, akazikandamiza nyuzi za jirani, na fidla ikalia kama mlango wa choo.

"Baba Lilly," alisema mwalimu wake, "hiyo uzi unainyamazisha, na ndiyo tunataka iongee."

Mwalimu alikuwa Achai, binti wa miaka ishirini na minne aliyekulia Nakuru. Fidla alijifunza huko, na sasa aliuza simu katika mtaa wa Hai Cinema. Kila saa kumi na moja jioni alifunga duka akaja kumfundisha mzee wa umri wa baba yake, na huruma hakuwa nayo hata chembe.

"Mwalimu, hii kidole iko na akili yake," Tombe alijitetea. "Mimi naambia yeye kaa, yeye naruka."

"Basi ongea nayo Kibari, lugha yenu, mzee. Kiswahili yako hata mimi inanishinda."

Shida yote hii aliitafuta mwenyewe. Lilly, bintiye wa pekee, alikuwa anaolewa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kisha angehamia mji wa mbali wa Wau na mumewe, Mathiang. Alikuwa amemwomba baba yake kitu kimoja tu: siku anayoingia kanisani, ampigie muziki yeye mwenyewe, na baba yake mdogo, Igga, ndiye amshike mkono. Wazee wa kanisa wakasema rababa haiingii, imezoea vilabu vya pombe. "Lakini fidla ya kanisa ipo kabatini," akasema Lilly. Tombe, ambaye hajawahi kumnyima mtoto huyo kitu, akajibu kwamba fidla ni jambo dogo, wiki sita zinatosha na nyingine zitabaki. Hivyo ndivyo akina baba wanavyojiponza.

Wiki mbili zilikwisha katika kuvibembeleza vidole vibonyeze. Mbili nyingine zilikwenda kwenye nafasi ya kwanza, mkono ukiwa kule kwenye noti za chini, karibu na kichwa cha fidla, na Achai akampiga marufuku kuacha uzi wowote wazi, maana kila alipoonja uzi wazi alirudia ya rababa. Hapo Tombe akaanza kutamba mtaani. Ndipo ikaja nafasi ya tatu. Wimbo wa maharusi ulipanda mwishoni, na noti ile ya juu haifikiwi kutoka chini. Lazima mkono mzima uteleze shingoni, mpaka kidole cha kwanza kikae pale kilipokuwa cha tatu.

"Na kidole gumba pia kinakuja," alisema Achai. "Wewe kila mara unakiacha nyuma, ni kama mama amesahau mtoto soko."

Tombe alitoa futi yake ya kushonea, akapima, akachora mstari wa chaki kwenye shingo ya fidla. Jasho likaifuta chaki. Akachora tena, likafuta tena. Wiki hiyo mteja mmoja alikuja kuchukua suruali akaikuta na mguu mmoja.

"Wacha kupima," alisema Achai. "Sikia tu."

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, mkono ulipanda wenyewe ukatua barabara. "Tamam!" Tombe akapiga kelele. Akapanda tena, na tena, mara arobaini, na kila mara noti ikatoka safi.

"Poa sana, mzee. Sasa tufanye kushuka."

"Kushuka ya nini? Wimbo naisha huko juu. Kalas, basi."

Achai akafikiri. Alikuwa ameshapima kwa simu yake: kutoka mlangoni mpaka madhabahuni ni dakika tatu, wimbo mara moja. Kalas kweli.

Binti wa Nakuru tumsamehe. Lakini Tombe? Bibi harusi wa Juba hatembei dakika tatu! Hupiga hatua, husimama, mashangazi huchomoka kwenye mabenchi kucheza mbele yake, humfungia njia mpaka waridhike, kisha huja kundi jingine. Tombe mwenyewe, na rababa yake, alikuwa amewasimamisha maharusi wangapi juani!

Jumamosi wimbo ulikwenda vizuri hadi noti ya mwisho. Mkono ukateleza, ukatua. Tombe akafumbua macho kwa furaha, akamwona Lilly bado yuko benchi la tatu kutoka mlangoni, na mashangazi wanne wanamchezea puani.

Achai, aliyekaa na kwaya, akamwashiria: shuka, anza upya. Tombe akajaribu. Mkono haukujua njia. Basi akaanza hapo hapo alipo, vidole vilevile, wimbo uleule, ila wote sasa ukiwa juu. Kwaya ikamfuata, ingefanyaje? Akina mama walipaa wakifurahi. Gatdet wa sauti ya besi alijaribu, akakohoa, akafunga mdomo kwa heshima. Wimbo ulipofika kileleni, ambako Tombe hakuwa tena na pa kupandia, akawaachia wanawake wapige vigelegele vyao.

Mara ya tatu ilikuwa vivyo hivyo, na ilipokwisha Lilly alikuwa amefika mbele, kando ya Mathiang. Mchungaji akafungua kitabu. Tombe akaanza mara ya nne.

Watu wakacheka. Achai akatikisa kichwa kwa nguvu. Lakini mkono haukuwa umekwama tena. Tombe alishahisi jinsi ya kushuka. Hakutaka tu. Maadamu anapiga, mtoto wake bado ni wake, na Wau haipo. Machozi yakadondokea fidla ya kanisa.

Lilly akashika gauni lake, akamwacha Mathiang amesimama, akamwendea. Akaweka kiganja juu ya mkono wa kushoto wa baba yake, akauvuta taratibu, shingo nzima, mpaka chini.

"Baba, shuka sasa."

"Nikishuka, wewe iko naenda."

"Ndiyo, baba. Naenda."

Mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu. Igga akasafisha koo, kama walivyopanga. Tombe akamsukumia fidla mikononi.

"Mimi iko hapa, pasta," akasema. "Natoa yeye ni mimi."