Doto Aliyeandikwa Mtupu

Mjukuu wangu Ritha alikuwa anaandika mionzi. Ndivyo nilivyokuwa nawajibu majirani hapa Masumbwe wakiniuliza kazi yake mgodini, nao wanacheka, mionzi inaandikwaje. Mimi niliishia darasa la saba, lakini Ritha alinieleza kidogo kidogo kila alipokuja likizo mpaka nikaelewa. Kwenye mabomba yanayopitisha tope la mawe yaliyosagwa wanafunga chombo cha chuma, ukubwa wa ndoo ndogo, uzito wa kubebwa na wanaume wawili. Ndani yake kuna risasi nene, ile metali nzito laini, na katikati ya risasi kuna kidonge chenye mionzi. Mionzi inapita kwenye bomba na kuwaonyesha kama tope ni zito au jepesi. Kidonge kikiwa ndani ya risasi hakina neno. Kikitolewa kinaua, na hakina harufu wala joto la kukushtua.

Yeye alikuwa maabara, kwenye kompyuta. Kila chombo kilikuwa na ukurasa wake kwenye mfumo: namba iliyogongwa kwenye kibati chake, kiko wapi, nani kakichukua, kidonge kimo au kimetolewa. Chombo kikihama hata kutoka chumba hiki kwenda kile, anaandika. Ni mtoto wa utaratibu tangu mdogo. Kanga zangu alikuwa anazikunja kwa kufuata rangi.

Mumewe, Adam, alinunua vyuma chakavu. Alikuwa na kibanda kando ya barabara na mizani ya kuning'iniza. Alikuwa mcheshi sana yule kijana. Kwa utani wetu mimi ni mke mkubwa na Ritha ni mke mdogo, basi akiingia tu utamsikia, "Shikamoo bi mkubwa, huyu mdogo kaninyima chai." Namwitikia marahaba, namwambia amrudishe kwao tubaki wawili.

Sasa pale mgodini kulikuwa na vyombo viwili vya zamani vilivyofanana kila kitu, hata rangi yao ya njano ilibanduka namna moja. Mafundi wakaviita Kulwa na Doto, kama tunavyowaita mapacha. Mtu aliyekuwa kwenye kazi ile kabla ya Ritha akayajaza majina hayo kwenye mfumo, chini ya namba, na watu wakayazoea, namba zikabaki za wakaguzi. Kulwa alikuwa na kidonge chake. Cha Doto kilishatolewa na wataalamu, kikapelekwa kuhifadhiwa Arusha, naye akaandikwa mtupu.

Ikaamuliwa stoo isafishwe na vyuma visivyo na kazi viuzwe. Adam akaomba, akapata. Fundi mkuu, mzee Mwigulu, akavitoa vyombo vyote viwili nje ili Doto apakiwe na Kulwa arudishwe ndani. Vibati vilikuwa vimefunikwa na tope lililokauka kama saruji. Kifaa cha kupimia mionzi kilikuwa kimepelekwa kukaguliwa, hakijarudi. Ritha, kompyuta ikiwa mapajani, akauliza Doto ni yupi. Mwigulu akanyoosha kidole, akasema ni huyo aliyetoka nyuma.

Na Ritha akaona sawa. Hapo ndipo wachunguzi waliokuja baadaye walipokwama, ikabidi waelezwe tena na tena. Kwetu anayetangulia kutoka tumboni ni Kulwa na anayefuata ni Doto, hakuna wa kubishana. Mwigulu alivitaja kwa jinsi vilivyopita mlangoni siku ile, naye hakutazama namba, na mtoto wa Kisukuma akasikia jambo alilolisikia maisha yake yote. Hakukwangua tope asome namba. Akabonyeza: Doto, mtupu, ameuzwa. Mfumo wenyewe ukaweka pembeni jina la Ritha, kwamba ndiye aliyeandika.

Aliyepakiwa alikuwa Kulwa.

Adam alimpasua kwa ajili ya risasi, maana wavuvi wa upande wa Chato wanainunua kwa nyavu zao. Katikati akakuta kidonge king'aavu, kidogo kuliko punje ya hindi. Akajiuliza kitu gani kinavikwa risasi yote hiyo kama si cha thamani. Akakitia kwenye mfuko wa shati, akapanda basi hadi Maganzo kwa mnunuzi wa almasi anayefahamiana naye. Mnunuzi akakitazama kwa kioo chake, akamwambia kaleta mtoto wa msumari, ampelekee fundi viatu. Wakacheka wee. Adam akarudi nacho mfukoni. Alinisimulia mimi, akimwigiza yule mnunuzi na kioo chake jichoni, maana Ritha alikuwa zamu mgodini. Nikacheka mpaka machozi.

Kabla hajamaliza kusimulia alitoka nje kutapika. Tukasema ni chipsi za stendi ya Kahama. Baadaye ngozi ya kifuani, upande wa moyo, ikawa nyekundu kama aliyebandikwa pasi, vidole vikavimba, nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Tukamfikisha hospitali kubwa Mwanza, na daktari akauliza mgonjwa alishika nini. Nikamweleza habari ya risasi na kidonge. Ritha alikuwa ndiyo kwanza amefika, amesimama nyuma yangu. Nilisikia kikapu chake kimeanguka.

Wataalamu walikikuta kile kidonge kwenye shati la Adam lililotundikwa msumarini nyumbani. Yule wa Maganzo walimpima, wakamkuta salama. Kibati kilipokwanguliwa, namba ikawa ya Kulwa.

Adam aliambiwa tu kwamba mgodini kuna mtu aliandika kimakosa. Hilo likamkaa kichwani kuliko maumivu. Aliliongelea asubuhi, akaliongelea mchana. "Aliyeandika mtupu, bi mkubwa, nataka nimwone tu. Simfanyi kitu. Nimuulize alikuwa anaangalia wapi."

Ritha akiwa palepale, anamlisha.

Tulipotoka hadi kibarazani Ritha akaniambia atamweleza. Nilimsihi asubiri. Mgonjwa ana mzigo wake, kwa nini amwongezee wa pili?

"Bibi, anamtafuta mtu," akasema. "Anakufa huku anamtafuta mtu, na mtu mwenyewe ndiye mimi ninayemnywesha uji."

Alilotaka ni moja tu, kusikia kwa kinywa cha mumewe kama amemsamehe au hajamsamehe, kabla kinywa hicho hakijafungwa. Angenyamaza, asingelijua kamwe.

Kesho yake baada ya madaktari kupita, akakaa ukingoni mwa kitanda, kikombe cha maji mkononi. Nilitaka kutoka, akanishika kanga.

"Baba, aliyeandika ni mimi," akamwambia. "Mzee Mwigulu alisema ni wa nyuma, nikaandika. Sikusoma namba."

Adam alimtazama. Macho yake yalikuwa yamebaki mazima, ndiyo pekee yaliyobaki mazima. Yalitoka usoni kwa Ritha, yakashuka kwenye vidole vyake vilivyoshika kikombe, yakatulia hapo. Nilidhani hakusikia. Kisha akageuza shingo kwangu, polepole kwa sababu ya vidonda.

"Bi mkubwa, nipe maji."

Kikombe kilikuwa mkononi mwa Ritha. Nilikichukua kwake, nikamnywesha mimi.

Toka hapo habari ya aliyeandika haikutoka tena kinywani mwake. Hakumfukuza Ritha. Alikubali ageuzwe naye, afutwe naye, akiulizwa kama shuka linambana anaitikia kwa kichwa. Neno hakumpa. Akafa hivyo, Ritha ameshika mguu wake, mimi nimeshika mkono.

Msibani mama yake Adam alimkumbatia Ritha mbele ya watu, akalia begani kwake, akimwita ng'wana wane, mwanangu, akimshukuru kwa kumuuguza mwanawe. Ndipo tulipojua kwamba Adam hakumwambia mtu. Mama alikaa naye peke yake mara nyingi pale wodini, na hakumwambia. Ritha alisimama mikono imening'inia. Alimweleza mwenyewe baada ya arobaini, na yule mama hajaja tena kwangu.

Sasa anaishi hapa. Kazini waliwasimamisha yeye na Mwigulu. Ananisaidia kupukuchua mahindi, na katikati ya kupukuchua anasimamisha mikono.

"Bibi, ulimwona. Alinyamaza kwa kunisamehe, au alinyamaza kwa kunichukia?"

Siku nyingine najaribu kumwambia, alikusamehe, ndiyo maana hakukutaja kwa mama yake. Ananiuliza, mbona maji aliyaomba kwako? Hapo naokota gunzi jingine. Nilikuwepo, niliuona uso wake kwa karibu kuliko mtu yeyote, na sijui.