Pedali za Upande wa Pili

Kwenye ukuta wa nje wa chuo kile cha udereva palikuwa na maandishi mekundu makubwa: HATUJAWAHI KUANGUSHA MWANAFUNZI. Binti aliyasoma siku ya kwanza na akayaamini. Ndiyo maana hasira zilipompanda baadaye, zilimpanda zote kwa mkupuo.

Ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, na hakwenda kujifunza gari kwa kutaka makuu. Baba yake alisambaza mitungi ya gesi kwa pikapu, na macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alishamkataza kushika usukani. Baba aliitikia kwa adabu zote, akatoka pale hospitali, akaendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Tangu hapo alikuwa amekwangua nguzo ya jirani na kuvunja toroli la fundi uashi, na mara zote mbili alishikilia kwamba kile kitu ndicho kilichomfuata. Nyumbani walikubaliana kusema kwamba macho ya baba yamechoka. Binti akimsihi apumzike, jibu lilikuwa lile lile: siku utakapofaulu, mama, nakukabidhi funguo na sizigusi tena. Basi kila asubuhi pikapu ilipotoka, binti alikaa roho juu mpaka irudi.

Darasani walikuwa vijana watupu, wengi ndio wametoka kumaliza shule. Mwalimu wa nadharia, mama wa makamo asiyecheka ovyo, aliwafundisha kwenye meza kubwa iliyochorwa mji mzima, na barabara zake, mizunguko yake na vivuko vya waenda kwa miguu. Kila mmoja alisukuma kigari chake cha plastiki huku akieleza anachofanya, na ole wako ukate kona bila kutaja kioo na taa. Binti aliijua meza ile mpaka akawa anaiota.

Huko barabarani ndiko mambo yalikokuwa mteremko. Mwalimu wa huko walimwita Siagi, kwa sababu gari lolote alilokaa liliteleza tu. Mcheshi, mifuko imejaa peremende, hakuwahi kumkaripia mtu. Gari la mafunzo lilikuwa na pedali seti mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu, zilizounganishwa, za kutumia mambo yakiharibika. Binti aliondoa gari bila kulishtua, akasimama taratibu penye taa nyekundu, akapanda mlima bila kurudi nyuma hata kidogo. Siagi akamwambia ana miguu ya dhahabu. Binti alipolirudia neno hilo nyumbani, baba alicheka mpaka akapaliwa, na siku hiyo wote wawili walilala usingizi mnono.

Kisha Siagi akaumwa jino.

Mwalimu wa nadharia ndiye aliyeshika nafasi yake siku hiyo. Alifunga mkanda, akakunja miguu chini ya kiti, akasema haya, twende. Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Binti akawasha, likaruka tena, likazima tena. Walipofika mlimani likaanza kurudi nyuma lenyewe mpaka mwalimu akavuta breki ya mkono. Binti akauliza kama gari lina hitilafu.

"Gari zima," mwalimu alisema. "Nani alikuwa anakukanyagia?"

Binti hakuelewa, kisha akaelewa, na masikio yakamwaka moto. Klachi aliyodhani anaiachia yeye, Siagi ndiye aliyekuwa akiiachia. Breki zile za taratibu zilikuwa za Siagi. Hata hiyo miguu ya dhahabu ilikuwa ya Siagi, na yeye binti alikuwa amekaa pale akizungusha usukani kama mtoto aliyepakatwa. Akamuuliza mwalimu kama siku zote alijua. Mama yule aliendelea kutazama mbele. Alisema darasani ni kwake, barabarani si kwake, na kwamba aliwahi kufungua mdomo mara moja akaambiwa asiharibu biashara. Jibu hilo lilimuudhi binti kuliko kosa lenyewe. Mtu mzima na akili zake, anajua, halafu anarudi darasani kusukuma vigari vya plastiki.

Siagi aliporudi, shavu bado limevimba, binti alimsalimia kwa shingo upande na kumwomba akunje miguu. Siagi akacheka. Akaeleza, bila haya hata chembe, kwamba wanafunzi wakiachiwa klachi wanaimaliza na tajiri wa chuo anamfokea yeye. Na siku ya mtihani afisa hukaa kiti cha nyuma, mwalimu hukaa mbele palepale kwa ajili ya usalama. Sasa hofu ya nini?

"Wote wamefaulu hivyo, binti yangu. Kuendesha watajifunza mbele ya safari."

"Mbele ya safari kuna watu, mwalimu," binti alisema.

Hebu fikiria. Kila leseni iliyotoka chuo kile ilipatikana kwa miguu ya mtu mmoja, na mtu huyo hayumo ndani ya magari ya waliofaulu. Wenyewe wako huko mabarabarani, wanarudi nyuma milimani, wanashangaa miguu yao imepatwa na nini. Binti alikwenda kwa tajiri kudai afundishwe upya. Tajiri, bila kuinua uso kwenye simu yake, alimjibu kwamba nafasi hakuna, mtihani ni kesho kutwa, na kwamba hajawahi kuona mtu anayelalamika kwa kufaulu. Katika somo lililobaki Siagi aliikunja miguu yake kweli, mpaka walipokutana na lori la kwanza. Baada ya hapo ikarudi mahali pake kimyakimya.

Siku ya mtihani baba alikuja na pikapu mwenyewe. Aliegesha nje ya lango la chuo, gurudumu moja juu ya bustani ya maua, akakaa humo na funguo mkononi. Binti alimwona. Alijua kwamba akinyamaza tu, baba anashuka kwenye usukani leo hii, jambo aliloliombea usiku na mchana. Lakini atakayepanda badala yake ni nani?

Afisa akakaa nyuma, Siagi mbele, na gari likatoka laini. Mlimani walisimama nyuma ya foleni. Magari ya mbele yalipoanza kusogea, binti alihisi klachi inazama yenyewe chini ya kiatu chake kabla hajaikanyaga. Akavuta breki ya mkono, akazima gari, akageuka nyuma.

"Afisa, si mimi ninayeendesha. Ni yeye."

Siagi akatazama dirishani. Afisa akashusha pumzi kama mtu aliyeharibiwa siku, akamwambia kwa upole awashe tu, wamebakiza kona moja. Ndipo binti alipoona kwamba naye alijua. Aliyefundisha alijua, aliyepima alijua, na aliyeandika ukutani alijua. Alifungua mlango, akawaachia gari lao, akarudi chuoni kwa miguu.

Baba alimtambua kwa mwendo. Alisikiliza yote mpaka mwisho, na alipokasirika hakumkasirikia Siagi. Kona moja tu, alisema, si angenyamaza? Mengine si angejifunzia kwenye pikapu, kidogo kidogo?

"Baba," binti alisema, "wewe huoni, na mimi sijui kusimama. Ungenipa funguo leo, nani angetuzuia tusiue mtu?"

Neno hilo nyumbani hakuna aliyewahi kumwambia baba waziwazi, hata binti mwenyewe. Baba aligeuza uso upande wa maua, au pale alipodhani maua yapo. Kisha akauliza kama kibali cha kujifunzia bado anacho. Binti akasema anacho. Baba akamwekea funguo kiganjani, akasogea kiti cha pili, akafunga mkanda.

Pikapu ilishuka kutoka kwenye maua, ikaruka, ikazima katikati ya njia. Honi zikaanza nyuma yao. Baba alipapasa sakafu kwa miguu yake yote miwili na hakukuta kitu.

"Washa tena," alisema.