Tantine Emilienne na Picha ya Apolonia

Kitambaa kilipovutwa na picha mpya ya Mtakatifu Apolonia ikaonekana ukutani mwa kanisa, Tantine Emilienne ndiye aliyekuwa wa kwanza kukohoa. Sura yake mwenyewe aliijua vizuri.

Shirika lao la Wakatoliki pale Kasongo, Kongo, linaitwa kwa jina la mtakatifu huyo, ambaye wenye kuumwa meno humwomba. Mchwa walikuwa wameila picha ya zamani, na kazi ya kuchora nyingine akapewa Nathanaël, mtoto wa kaka yake Emilienne, fundi wa kuandika vibao vya saluni. Watu walitegemea kuona msichana mwenye macho makubwa. Wakaona bibi wa miaka sabini, mashavu yameingia ndani, kinywa wazi, meno mawili tu. Kicheko kikaanzia benchi la nyuma.

Sala ilipokwisha, Emilienne alimkamata mchoraji mlangoni.

"We Nathanaël! Mimi niko nafanya nini pale ukutani?"

"Tantine, usikasirike. Nilimuuliza katekista Fidèle huyu mama alikuwa namna gani. Akasema alikuwa bikira muzee wa Aleksandria, kule Misri. Watu wakawavamia Wakristo, wakamukamata, wakamupiga mpaka meno yote yakatoka. Wakawasha moto inje ya muji, wakamwambia: mukane Kristo ao tunakuchoma. Akaomba wamuachilie kidogo. Kumuachilia tu, akaruka ndani ya moto yeye mwenyewe. Sasa bikira muzee asiyeogopa mutu, hapa Kasongo namujua mumoja tu."

Ni kweli, Emilienne hakuolewa. Wanaume watatu walikuja kumposa na wote watatu wakarudi walikotoka.

"Juzi tu nimemutukana mwenye mashine ya kusaga," akasema. "Mutakatifu gani huyo? Futa! Ao umuwekee meno."

Nathanaël akaahidi, ila rangi nyeupe ilikuwa imemwishia.

Jumanne asubuhi, Heri, dereva wa pikipiki, akaingia uani kwa Emilienne, shavu limeumuka kama andazi. Akapiga magoti kando ya karanga zilizoanikwa.

"Tantine, uniombee. Jino linaniuma, siku tatu silali."

"Kwani mimi ndiye Apolonia?"

"Sura ni ile ile."

Emilienne akabana kicheko. Akasali Salamu Maria moja, akamwita Apolonia kwa jina, kisha akakaza kitenge chake na kupanda pikipiki.

"Twende hospitali."

"Lakini nimekuja kwa maombi..."

"Maombi tumemaliza. Washa."

Hospitalini, kwa muganga wa meno, Emilienne alimshika mkono. Heri alipiga kelele hata kabla hajaguswa.

"Apolonia walimutoa yote," Emilienne akamkaripia, "wewe moja tu!"

Habari zikaenea. Kufikia Ijumaa walikuwa wamekuja mwalimu mmoja, wanawake wawili wa sokoni, na jirani yake Mwanvua, amembeba mjukuu.

"Mimi naswali musikitini, unajua," Mwanvua akasema. "Lakini mutoto analia na jino tangu jana, na wanasema wewe ukishika mukono haiumi sana."

Emilienne akawapeleka wote, akinung'unika njia nzima. Lakini moyoni alifurahi. Miaka mingi alikuwa na kuku tu wa kukaripia, na sasa kila asubuhi watu walikuja wenyewe.

Mjukuu alipokwisha kutibiwa, muganga akamgeukia yeye.

"Tantine, fungua kinywa. Hilo la chini limeoza."

Emilienne alikwisha kufika mlangoni. "Nimeacha maharagwe motoni."

"Maharagwe gani?" Mwanvua akaziba mlango. "Kaa. Mimi nitashika mukono."

Akakaa. Mwanvua akamshika kwa mikono yote miwili, na Emilienne akapiga kelele kuliko Heri.

Jumapili Nathanaël alikuja kanisani mapema na kopo la rangi nyeupe. Emilienne alisimama mbele ya picha, ulimi ukipapasa pengo jipya.

"Uache kinywa chake hivyo," akasema. "Ila hicho kitambaa cha kichwa! Manjano? Mimi lini umeniona na manjano?"

Walikuwa bado wanabishana juu ya rangi wakati kengele ilipolia na watu wakaanza kuingia.