Wanaoizunguka Bustani

Walipofika kwenye kona, shangazi alisimama, akajishikiza ukutani kwa mkono mmoja, akavua viatu vyake vya kisigino na kuvaa raba.

"Umechoka, shangazi?"

"Sijachoka. Hizi ni za kukimbilia," akajibu, kwa sauti ya mtu anayesema huu ni mwavuli wa mvua.

Alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na minane, mwenye magoti yaliyokwisha kumsaliti. Mwenzake wa kurudi naye nyumbani aliamka na homa siku hiyo, ndipo akampigia simu mtoto wa kaka yake amsindikize. Jua lilikuwa bado halijazama. Mbele yao ilitandaa bustani ambayo kijana huyo, msanifu wa manispaa, aliichora kwa mkono wake: ua wa michongoma uliofika mabegani, vijia vilivyopinda kama mwandiko mzuri, malango mawili tu ya chuma, moja kila mwisho. Ilimpatia tuzo. Ilimpatia na kiburi kidogo, ingawa mwenyewe alikiita furaha.

"Tukatize humu," alisema. "Dakika nne tumetoka upande wa pili."

"Bustani yako nzuri sana, mwanangu. Huwa naitazama nikiizunguka."

Wakaizunguka. Ilichukua dakika kumi na tisa. Shangazi alimwonyesha duka la dawa la kukimbilia, maana mwenye duka hukaa kizingitini, ukuta wa kupita mbali nao, taa iliyokufa tangu mwaka juzi. Alieleza bila hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma kijana moyoni.

Kesho yake alibeba ramani hadi kwenye karakana ya ushonaji alikofanya kazi shangazi, akaitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa. Akawaomba mafundi wamchoree njia zao za kurudi nyumbani.

"Mimi penseli niliiaga shuleni," mmoja akasema. "Nipe na kifutio kabisa."

Wakacheka, wakainama. Wanawake kumi na mmoja, mistari kumi na mmoja. Walipomaliza, msanifu aliinamia ramani. Mistari ilikuja kutoka kila pembe ya mtaa, ikaifikia bustani, ikagawanyika na kuipita kandokando kama maji yanavyolipita jiwe. Hakuna hata mmoja uliogusa ndani. Chini ya jiji alilodhani analijua kulikuwa na jiji jingine, lililopimwa kwa unyayo na kuhifadhiwa vichwani mwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza. Alijiona kama mtoto aliyefunguliwa mlango wa chumba kikubwa asichowahi kukiona katika nyumba alimozaliwa.

"Nini kingekufanya ukatize mle?" akamuuliza shangazi.

"Nione ninakokwenda. Na niwe na pa kutokea."

Mkuu wake wa kazi aliusoma mchoro mpya mara mbili. Michongoma ikatwe ifike magotini. Malango yawe matano. Taa zishushwe zimulike nyuso za watu, choo kihamishwe karibu na bembea, mbele ya macho ya wote.

"Unaijua bustani unayotaka kuibomoa ni ya nani? Watu watasema ulikosea."

"Nilikosea, mkuu."

Mkuu akavuta kalamu, akatia sahihi.

Miezi minane ikapita. Alasiri moja msanifu alimpitia shangazi karakanani, wakaingia bustanini kwa lango jipya, bega kwa bega. Wasichana walikuwa wakigombea mpira. Mama mmoja alisukuma kigari cha mtoto huku akiimba vibaya, kwa sauti kubwa, bila aibu. Halafu msanifu akasita. Kwenye nyasi, katikati kabisa, muuguzi aliyevaa sare alikuwa amelala chali, mkoba umetupwa pembeni, mdomo wazi.

"Anaumwa?" akanong'ona.

Shangazi alitazama kifua cha yule mwanamke kikipanda na kushuka taratibu.

"Amelala tu," alisema. "Amelala, mwanangu. Nje."

Watu walikuwa wakipita. Hakuna aliyesimama. Kijia walichokuwa wakikifuata kilikuwa cha kokoto zinazolia chini ya viatu, nacho kilipita karibu na kichwa cha muuguzi. Shangazi akamshika mkono msanifu, wakashuka kwenye nyasi, wakatembea kwa ncha za vidole.