Damu ya Mama Mkwe

Mukandekezi alikuwa na mkwe mmoja tu, na kwa miaka mitatu hakuwahi kumwona akitafuna. Ndiyo adabu. Mama mkwe na mume wa bintiye hawali pamoja, hawapeani mikono, hawakaziani macho. Wakikutana njiani mtaani kwao Biryogo, Mukandekezi alivuta kanga ikamfunika upande mmoja wa uso, na Hakizimana alivua kofia akapita mbali kama mtu anayekwepa dimbwi. Kwa namna yao hiyo walipendana sana.

Basi mwaka wa 1991, masika yakielekea kwisha, Hakizimana akaanza kutokwa na damu puani akiwa kwenye usukani wa basi lake dogo linalokwenda kati ya stendi ya Nyabugogo na Gitarama. Hospitali wakampima, wakampima tena, wakasema ni saratani ya damu. Leila, mkewe, alikuwa amejifungua wiki iliyotangulia, bado yuko ndani na arobaini yake. Mama mzazi wa Hakizimana alishatangulia mbele ya haki. Na huku kwetu mgonjwa halazwi bila umurwaza, yaani mtu wa kumpikia, kumfulia na kumbembeleza ale. Nani alibaki? Alibaki mama mkwe.

Akafika hospitali na sufuria mbili, mkeka na tasbihi. Akakaa nje ya mlango, mgongo kwa mgonjwa, akaanza kuzungumza na ukuta.

"Ukuta," alisema, "mwambie huyo mtu uji uko tayari."

"Ukuta," ikajibu sauti nyonge kutoka ndani, "mwambie mama nimeshukuru, lakini sina hamu."

Chumba kilikuwa na vitanda viwili. Cha pili alilala Nzeyimana, katekista wa Kagarama, mwenye ugonjwa uleule, mwezi wa tatu sasa. Mkewe Nyiramana alikuwa mwanamke mfupi, mpana, asiyeweza kulala na neno moyoni. Kwa siku mbili aliyasikiliza mazungumzo ya ukuta. Siku ya tatu yakamshinda.

"Mama Leila, huo ukuta mtauchosha bure," alisema. "Tubadilishane wagonjwa."

Wakabadilishana. Nyiramana akawa anamlisha Hakizimana huku akimgombeza kama kitinda mimba wake, na kijana, kwa kumwogopa, akawa anameza. Mukandekezi aliingia kanga imeshuka upande wa kitanda cha mkwe, akamlisha Nzeyimana. Mzee yule alibariki uji mpaka ukapoa. Mukandekezi hakumharakisha. Naye sala zake hazikuwa fupi.

Nyiramana ndiye aliyemfundisha kazi, kama yeye alivyofundishwa na waliomtangulia. Maji ya kunywa yachemke hadi yaruke. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuvuka kizingiti. Tunda lisilomenywa lisiingie. Daktari akipita, umuulize hesabu ya damu ya leo, uishike kichwani, maana kesho atapita daktari mwingine. Mgonjwa akikasirika, usimjibu, ni maumivu yanayosema. Na kubwa kuliko yote, watu wasijazane ndani, kwa kuwa damu ya wagonjwa hawa haina walinzi. Kikohozi cha mgeni mmoja kinaweza kuwaangusha wote wawili.

Hilo la mwisho ndilo lilikuwa gumu. Nyabugogo yote ilimjua Hakizimana, na mgonjwa asiyetembelewa ni aibu ya watu wake. Walikuja madereva, wapiga debe, wauza viazi, wamebeba maziwa na ndizi, na mafua yao. Mukandekezi alisimama mlangoni na kuwaambia wasalimie kupitia dirishani, kisha waende na Mungu. Wengi walinuna. Mutsinzi, mkubwa wa wapagazi, mtu wa kubeba magunia mawili ya maharage kwa mkupuo mmoja, aliuliza tangu lini mama mkwe akawa bawabu. Mukandekezi akamjibu tangu Jumatatu.

Jumatano asubuhi daktari Kamanzi alimwita pembeni. Alimweleza kwamba damu ya Hakizimana ilikuwa imeshuka mno, hawezi kuanzishiwa dawa kabla ya kuongezewa. Kundi lake lilikuwa O hasi, ambalo watu wachache sana wanalo, na tangu vita vianze mpakani friji ya damu haikai na kitu. Alihitaji angalau chupa moja kabla ya kesho mchana. Mukandekezi akauliza, na isipopatikana? Daktari akafunga faili. Jibu likawa hilo.

Akatoka uani, ambako wageni walikuwa wameketi na vikapu vyao, wakingoja zamu ya dirisha.

"Mmekuja kumwona ndugu yenu," aliwaambia. "Vizuri. Leo ndizi hatuzitaki. Anayempenda Hakizimana apite pale kwa muuguzi atobolewe kidole. Damu yake ikifaa, atoe chupa moja."

Mutsinzi akakumbuka kwamba alikuwa na mzigo wa mtu unamngoja.

"Mzigo utangoja," alisema Mukandekezi. "Au unataka utanguliwe na mwanamke?" Akaenda kwa muuguzi Mukandayisenga mbele ya macho ya wote, akanyoosha kidole kikatobolewa, hakukunja hata uso. Hakuwa na wazo lingine ila kumtia aibu yule pandikizi la mtu. Na aibu ilifanya kazi: wakapanga mstari, wanaume ishirini na wawili, Mutsinzi wa mwisho, macho ameyafumba.

Kabla ya adhuhuri Mukandayisenga akatoka na karatasi. Wengi walikuwa na damu nzuri tu, lakini haikumfaa Hakizimana. Katika wote ilimfaa ya mtu mmoja.

"Ni wewe, mama," alisema.

Watu wakapiga makofi. Nyiramana akapiga kigelegele mpaka wagonjwa wa jengo la pili wakachungulia. Mukandekezi peke yake hakufurahi. Alisema atarudi kesho asubuhi, akaketi kwenye mkeka wake na kuzungusha tasbihi.

Nyiramana akamfuata. "Unaogopa sindano?"

Hakuogopa sindano. Aliogopa jambo alilofundishwa madrasani akiwa msichana: mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenzake, mtoto huyo huwa ndugu wa watoto wake, na hawaoani mpaka kufa. Sasa, ikiwa maziwa yanafanya hivyo, damu je, ambayo ndiyo mama wa maziwa? Chupa yake ikiingia kwa Hakizimana, si atakuwa mwanawe? Na Leila atakuwa ameolewa na nani? Na yule kichanga wa wiki mbili aitwe mtoto wa nani? Alimweleza Nyiramana hayo kwa sauti ya chini, akitazama sakafu.

Kwa mara ya kwanza Nyiramana hakutania.

"Sheria yenu siijui," alisema. "Ila wewe ujane unaujua, tangu ulipofiwa na mumeo. Mkeka ule ule wa msiba utamkalisha mwanao, na unamnyima mumewe damu kwa kitu usichokiuliza? Nenda kwa sheikh wako. Wagonjwa wote wawili niachie mimi."

Mukandekezi akapanda kwenda Biryogo kwa miguu, akamkuta sheikh ndiyo kwanza ametoka kuswalisha alasiri. Akamweleza mwanzo hadi mwisho. Mzee akavua miwani, akaifuta.

"Hakizimana ana umri gani?"

"Thelathini na mmoja."

"Aliwahi kunyonya kwako?"

"Astaghafirullahi, sheikh."

"Basi umejijibu. Maziwa yanayounga udugu ni ya mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Damu ni dawa. Ikiingia mwilini mwake ni sawa na kwinini, ila hii imetoka mkononi mwako. Kampe, na Leila aendelee kuwa mke wa mumewe." Akavaa miwani. "Na huko kutobolewa vidole, wazee wanaruhusiwa?"

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya funga yake ya sunna. Mukandayisenga akasema hamtoi damu mtu mwenye njaa. Mukandekezi akanuia kuilipa siku nyingine, akafungua kwa chai na maandazi mawili. Wakampima uzito, na Nyiramana, aliyekuwa akichungulia mizani, akasema kwa kilo hizo wangeweza kuchukua chupa tatu na asijue. Wakamlaza, wakamfunga mkono. Mutsinzi alikuwa ameomba asimame karibu, ampe moyo. Ile damu ya kwanza ilipoonekana tu kwenye mpira, jitu likateleza ukutani polepole likakaa sakafuni, macho meupe. Ikabidi Mukandekezi, sindano mkononi, aelekeze watu wampepee na wamlegeze mkanda.

Sheikh alifika saa nne na waumini watano. Damu yake haikumfaa Hakizimana, lakini ilimwingia Nzeyimana barabara, naye alikuwa anahitaji chupa tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Katekista alipoambiwa imetoka kwa nani, alisema Mungu hana ubaguzi wa chupa. Nyiramana akalalamika kwamba sasa mzee wake atakuwa anamwamsha alfajiri.

Mchana ule Mukandekezi alikaa mlangoni, kipande cha pamba mkononi. Chupa ilikuwa imeshaisha nusu.

"Ukuta," ilisema sauti ya Hakizimana baada ya muda mrefu, "mwambie mama... Sijui umwambie nini."

"Ukuta," alisema Mukandekezi, "mwambie apumzike. Tumeelewana."

Ijumaa dawa zikaanza. Ugonjwa haukuwa umeondoka, na daktari hakumficha mtu hilo. Safari ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Lakini hesabu ya damu ilikuwa imepanda, Mukandekezi akaishika kichwani. Na wale wa Nyabugogo, ambao sasa kila mmoja alijua kundi lake na kujivunia kama cheo, walikubaliana kwamba kila Jumatano wawili wao watapita hospitali, damu impate yeyote itakayemfaa, awe anamjua Hakizimana au la.

Jioni ile Mukandekezi akarudi Biryogo. Akamkuta Leila amekaa kitandani, mtoto kifuani, macho yamevimba. Majirani walikuwa wamepita mchana, wamekuja na hukumu yao.

"Mama," alisema Leila, "wanasema sasa ni kaka yangu."

"Wanaosema hawakuuliza. Mimi nimeuliza." Mukandekezi akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua viatu, miguu ilikuwa ikimuuma. "Ni mumeo, kama alivyokuwa jana na juzi. Ila ameongezewa chupa nzima ya ukaidi wangu. Akirudi nyumbani akaanza kukukagulia masufuria, univumilie."

Leila akacheka, mara ya kwanza tangu mumewe alazwe. Akacheka mpaka kifua kikatikisika na mtoto, aliyekuwa ananyonya kwa raha zake, akaachia na kuanza kudai haki yake kwa sauti ya juu.