Mgonjwa wa Shakira

Asubuhi ile nesi Lakot alipita kando ya kitanda cha Benedicte mara mbili, na mara zote mbili alimwona amefumba macho, akadhani amelala. Mzazi kajifungua alfajiri, amechoka, aachwe apumzike. Tena hakuwa mgonjwa wake. Alikuwa wa Shakira.

Ndiyo desturi ya wodi ile ya kina mama na watoto pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, na msidhani ilianzishwa kwa roho mbaya. Wagonjwa wa Nyakiyumbu wanakuja na Kikonzo chao, wa Beni na Butembo wanavuka mpaka na Kiswahili chao cha Kongo, na katika kambi ya jeshi wanatoka wake wa askari wa kila pembe ya Uganda. Sista Ninsiima, mkuu wa wodi, akaona heri kila mtu apewe nesi anayemwelewa. Wakonzo wakawa wa Masereka, nesi wa kiume. Wakongo wakawa wa Shakira, aliyekulia mpakani. Watu wa kambini wakawa wa Lakot, Mwacholi, mwenyewe mke wa askari. Wagonjwa walifurahi sana. Kisha, pole pole, ikafika mahali mgonjwa asiye wako akikuomba maji unamwambia angoje, nesi wake anakuja. Maji, jamani! Kana kwamba maji nayo yana lugha.

Siku hiyo Shakira alikuwa ameondoka na ambulensi kumsindikiza mama mwingine, aliyeshindwa kujifungua, hadi hospitali ya Kasese. Sista Ninsiima akawatangazia ndugu wa wagonjwa wa Shakira kwamba wawe na subira, nesi wao atarudi. Wakaitikia kwa adabu zote. Watu waliovuka mpaka na mabunduki nyuma yao hawana tabia ya kubishana na mwenye koti jeupe.

Lakot naye alikuwa ametekwa na afande Okot wa kambini. Mtoto wa afande alikuwa na malaria, dripu iko mkononi, homa inashuka, hana neno. Lakini afande Okot alitaka nesi wake asimame palepale kama mlinzi langoni.

"Nesi wetu! Angalia hii maji inateremka pole pole."

"Ndivyo inavyotakiwa, afande."

"Basi angalia tena."

Akaangalia tena. Kisha akaenda kuchukua pamba kabatini, na alipofika kwenye kitanda cha Benedicte kiatu chake kikateleza. Akatazama chini. Martine, mama yake Benedicte, alikuwa amempakata mjukuu mchanga huku akisukuma beseni kwa mguu lipotelee uvunguni, na uso wake umejaa aibu. Beseni lilikuwa na vitambaa. Vitambaa vyote vilikuwa vyekundu.

Lakot alifunua shuka. Mungu wangu! Damu ilikuwa imelowesha godoro mpaka mgongoni. Midomo ya Benedicte ilikuwa myeupe, na ngozi yake baridi.

"Mama, hii imeanza lini?"

"Tangu Shakira alienda," Martine akasema.

"Na hukuita mtu?"

"Nilimuita ule muganga mwanaume. Akasema nesi yetu anakuya. Na ninyi mulituambia tumungoje. Basi tuko tunangoja."

Lakot akainama kitandani. Akabonyeza tumbo. Mfuko wa uzazi, ambao ulipaswa kuwa umekaza, ulikuwa laini kama unga uliozidishwa maji. Akaanza kuukanda kwa nguvu zake zote.

"Masereka! Lete oksitosini, haraka!"

Masereka aliinua kichwa kutoka upande wa pili. Hata kalamu hakuiweka chini.

"Huyo si wa Shakira?"

"Shakira yuko Kasese, mpumbavu wewe! Mtu anakufa hapa! Lete dawa!"

Masereka akaiacha kalamu, akakimbia.

"Nesi wetu," afande Okot akaita, "dripu ya mtoto..."

"Afande, kaa chini!"

Akakaa. Inawezekana ni miaka mingi tangu mtu amwamrishe hivyo, na mwili wake ulitii kabla yeye hajaamua.

Sista Ninsiima akatoka ofisini amekunja uso. "Lakot, kelele gani hizi mbele ya wagonjwa?"

"Vaa glavu, sista. Kanda hapa, usiache. Mimi natafuta mshipa."

Ninsiima akaiona damu. Akavaa glavu. Na tuseme ukweli, mikono ya yule mwanamke ilijua kazi: alikanda bila kupumzika, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Masereka alichoma sindano ya oksitosini ili mfuko ukaze, kisha akaushikilia mkono wa Benedicte usitikisike hadi Lakot akaupata mshipa, uliokuwa umenywea. Wala hakuna aliyehitaji kuambiwa afanye nini tena. Masereka alikwenda mbio kumwita Dokta Bwambale na kuleta damu kutoka maabara. Daktari akaja, akakuta kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani, akakitoa. Mfuko ukakaza chini ya kiganja cha Ninsiima. Damu ikapungua, ikawa kidogo, ikakoma kutiririka.

Baadaye Benedicte akafumbua macho, akasema kwa sauti ndogo, "Mutoto iko wapi?"

Martine akamlaza mtoto kifuani pake, ndipo akaanza kulia.

Sista Ninsiima alivua glavu na kumgeukia Martine. "Lakini mama, kwa nini hukupiga kelele? Ungempoteza binti yako kwa kukaa kimya!"

Hapo ndipo Lakot aliposhindwa kujizuia.

"Usimuulize yeye! Alituita, na tukamjibu. Masereka alimjibu, wewe ulimjibu. Na mimi nimepita hapa mara mbili, sista. Mara mbili! Sikumfunua hata shuka, kwa sababu si wangu!"

Ninsiima alitazama beseni kule uvunguni.

"Nesi wetu!" Sauti ya afande Okot ilikuwa imerudi na ukali wake wote. "Sasa dripu imeisha kabisa!"

Masereka ndiye aliyekuwa karibu, hatua chache tu kutoka kwa mtoto. Hakuinuka. Alimtazama Lakot, kwa mazoea.

"Unanitazama nini?" Lakot akamwambia. "Uko karibu. Nenda."

Masereka akaenda. Afande Okot akanyoosha mkono kumzuia.

"Huyu simjui. Mimi nimeita nesi wetu."

Lakot akamwendea huku mikono yake ingali na damu hadi viwikoni.

"Nesi wenu ameacha mama avuje damu asubuhi nzima, afande, kwa sababu alikuwa anakuangalizia maji yanavyoteremka. Bado unamtaka huyo?"

Afande Okot aliitazama ile mikono. Kisha akasogeza kiti chake ili Masereka apite.